VIPIMO VYA UJAUZITO NA SAFARI YA MAMA ALIYE HATARINI

Mji mdogo wa Turiani, katika Wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro, umekaa chini ya milima ya Nguru. Upande mmoja yako mashamba ya miwa ya Mtibwa na mabonde ya mpunga. Upande wa pili ardhi inapanda hadi vijiji vya milimani kama Maskati, ambako wakulima hupanda mahindi, maharage na iliki. Hospitali ya Bwagala, iliyo chini ya Jimbo Katoliki la Morogoro, hutegemewa na wakazi wa tambarare na wa milimani pia. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko mjini Morogoro, takriban kilometa 100 kutoka Turiani; na kutoka hapo hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni karibu kilometa 200 zaidi.

Jiografia hiyo ni sehemu ya somo la uzazi. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa mbili hivi. Kushuka kutoka mlimani wakati wa masika, njia zikiwa zimejaa utelezi na vijito vimefurika, huenda kukachukua muda mrefu kuliko huo. Kwa hiyo swali linalowakabili wauguzi, madaktari na familia ni hili: je, yawezekana kujua mapema ni mama yupi apaswaye kushuka kabla ya uchungu kuanza? Makala haya yanaeleza vipimo vinavyotumika kujibu swali hilo, mipaka ya vipimo hivyo, na huduma inayopasa kufuata.

1. Maana ya mimba yenye hatari

Mimba si ugonjwa. Akina mama walio wengi hubeba mimba na kujifungua salama. Hata hivyo, ziko hali ambazo huongeza uwezekano wa madhara kwa mama au kwa mtoto. Mimba iliyoambatana na hali hizo ndiyo huitwa mimba yenye hatari.

Hali hizo ni za aina mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Aina ya kwanza ni dalili za kukisia: umri mdogo, kimo kifupi chini ya sentimeta 150, mimba ya tano au zaidi, au historia ya kujifungua kwa upasuaji au kuzaa mtoto mfu. Dalili hizi hazisemi kwamba pana madhara. Husema tu kwamba uwezekano wake ni mkubwa kuliko kawaida. Aina ya pili ni maradhi au kasoro iliyokwisha kuwapo: shinikizo kubwa la damu, upungufu wa damu, kaswende, kisukari, mapacha, au kondo la nyuma lililokaa mahali pasipofaa. Hizi hazikisiwi, hupimwa na kuonekana.

2. Vipimo vya kliniki ya kawaida

Vipimo vingi vyenye manufaa makubwa havihitaji mitambo ya gharama, na zahanati ya kijiji yaweza kuvifanya.

Cha kwanza ni shinikizo la damu. Likifikia 140 kwa 90 au kuzidi, baada ya kupimwa tena na kuthibitishwa, mama huhitaji uangalizi wa karibu. Iwapo hali hiyo imeanza baada ya wiki ya 20, na mkojo una protini, yaelekea mama ana ugonjwa unaotangulia kifafa cha mimba. Katika ugonjwa huo kondo la nyuma halipati damu ya kutosha, nalo humwaga katika damu ya mama kemikali zinazodhuru kuta za mishipa. Figo, ini na ubongo huathirika. Mara nyingi mama hujisikia mzima hadi ugonjwa umekwisha kukomaa. Ndiyo maana kipimo hakiwezi kungoja malalamiko ya mgonjwa.

Cha pili ni wingi wa damu. Himoglobini iliyo chini ya gramu 11 katika desilita moja ni upungufu wa damu. Chini ya gramu 7 ni upungufu mkali. Katika nchi za joto upungufu huu husababishwa na ukosefu wa madini ya chuma, na minyoo, na malaria. Vijidudu vya malaria hujificha katika kondo la nyuma na kumpunguzia mtoto chakula, hata pale ambapo mama hana homa. Kwa sababu hiyo mjamzito hupewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki, dawa ya SP ya kukinga malaria kuanzia kipindi cha pili cha mimba, na chandarua chenye dawa.

Vipimo vingine vya damu ni kaswende na virusi vya UKIMWI, pamoja na kundi la damu. Kaswende isiyotibiwa huua watoto wengi tumboni, ilhali sindano ya penisilini yaweza kumwokoa mtoto iwapo itatolewa mapema. Hali kadhalika, mama mwenye virusi vya UKIMWI akitumia dawa ipasavyo, hatari ya kumwambukiza mtoto hupungua sana.

Mwishoni mkunga hupima urefu wa tumbo kwa utepe na kusikiliza moyo wa mtoto kwa chombo chenye umbo la pembe, kilichobuniwa na daktari Adolphe Pinard wa Ufaransa mwaka 1895. Chombo hicho hakihitaji umeme wala betri, na hadi leo kinatumika.

3. Picha itokanayo na mwangwi

Kipimo cha ultrasaundi kilianza kuingia katika elimu ya uzazi mwaka 1958, Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uingereza, walipochapisha matokeo yao. Walitumia maarifa ya kiwanda: chombo cha kutafuta nyufa ndani ya chuma.

Kanuni yake ni ile ya popo walao wadudu, ambao hutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake gizani. Sikio la binadamu haliwezi kusikia sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Mtambo wa kupimia mimba hutumia mitetemo milioni kadhaa. Sauti hiyo husafiri katika nyama za mwili kwa mwendo wa takriban meta 1,540 kwa sekunde. Ikikuta mpaka baina ya maji na nyama, au nyama na mfupa, sehemu yake hurudi. Tuseme mwangwi umerudi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Katika muda huo sauti imesafiri sentimeta 15.4, kwenda na kurudi. Basi kilichoigonga kiko kina cha sentimeta 7.7. Mtambo hukusanya mahesabu mengi ya namna hiyo kwa mara moja na kuyageuza kuwa picha. Tofauti na eksirei, kipimo hiki hakitumii mionzi.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Sababu ya muda huo ni kwamba mwanzoni watoto hukua kwa mwendo unaokaribiana, hivyo ukubwa wa mtoto huonyesha vizuri umri wa mimba. Baadaye kila mtoto hufuata mwendo wake, na makadirio huwa na kosa kubwa. Umri sahihi wa mimba si jambo dogo: pasipo kuujua, daktari hawezi kusema kwa hakika kama mtoto ni njiti au amechelewa kukua.

Picha hiyo huonyesha pia mapacha, baadhi ya kasoro za maumbile, na mahali kilipo kondo la nyuma. Kondo lililoziba mlango wa mji wa mimba huweza kumwaga damu nyingi ghafla. Likigunduliwa mapema na kuthibitishwa tena karibu na mwisho wa mimba, mama hupangiwa upasuaji kwa siku maalumu badala ya kukimbizwa usiku akiwa anatokwa na damu.

4. Mambo ya urithi

Baadhi ya hatari hutoka katika damu ya wazazi wenyewe. Selimundu ni mfano ulio karibu sana na Watanzania. Mtu aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa mzima. Lakini iwapo baba na mama wote wawili wanayo, katika kila mimba upo uwezekano wa moja katika nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Mama mwenyewe akiwa mgonjwa wa selimundu, mimba yake ni ya kuangaliwa na wataalamu tangu mwanzo.

Mfano wa pili ni damu ya Rhesus. Mama asiye na Rhesus akibeba mtoto mwenye nayo, mwili wake waweza kutengeneza askari wa kuipiga damu hiyo ngeni. Mtoto wa kwanza aghalabu husalimika. Wanaofuata ndio hushambuliwa. Sindano maalumu inayotolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua huzuia askari hao wasitengenezwe.

Vipo pia vipimo vya kromosomu za mtoto. Kimoja huchota kwa sindano maji yanayomzunguka mtoto, kuanzia wiki ya 15, na huambatana na hatari ndogo ya mimba kutoka. Kingine hutumia damu ya mama peke yake. Kilitokana na ugunduzi wa Dennis Lo na wenzake, mwaka 1997, kwamba chembechembe za urithi za mtoto huelea katika damu ya mama. Hivi si vipimo vya kliniki ya kawaida kijijini, wala havipaswi kufanywa kabla wazazi hawajaelezwa maana ya majibu yake.

5. Ungo na matundu yake

Katika miaka ya 1970 wataalamu wengi walitumaini kwamba akina mama wangeweza kuchekechwa kama nafaka: wenye hatari wapelekwe hospitali, wasio na hatari wabaki nyumbani. Jaribio mashuhuri lilifanyika Kasongo, Maniema, mashariki mwa Kongo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1984. Miongoni mwa akina mama waliopatwa na uchungu pingamizi, asilimia 71 hawakuwa wametambuliwa kabla kutokana na historia yao ya uzazi. Na miongoni mwa wale waliohesabiwa kuwa hatarini, asilimia 90 hawakupatwa na pingamizi hilo.

Hesabu ya kubuni itafafanua jambo hili. Chukua wajawazito 1,000. Tuseme 200 wana dalili za hatari, na kati yao mmoja katika kumi atapata tatizo: hao ni 20. Waliobaki ni 800, na kati yao mmoja katika ishirini atapata tatizo: hao ni 40. Kila mama wa kundi la pili ana hatari ndogo zaidi, lakini kwa kuwa kundi lenyewe ni kubwa, matatizo mengi yametoka humo.

Hapa ndipo ile tofauti ya dalili na maradhi inapoonekana umuhimu wake. Kimo na umri ni makisio. Havitoshi kumwambia mama yeyote kwamba yu salama. Lakini shinikizo la damu, himoglobini na picha ya kondo hugundua jambo lililopo, lenye tiba inayojulikana. Kutokana na mafunzo ya namna hiyo, Tanzania ilibadili utaratibu wa kliniki mwaka 2002, ikatilia mkazo ubora wa kila hudhurio na maandalizi ya kujifungua kwa kila mama. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki ya 12 kupita.

6. Huduma ya wataalamu

Kipimo kisichofuatiwa na huduma ni sawa na kengele isiyo na mzima moto. Mama mwenye shinikizo kubwa hupewa dawa za kulishusha; aliye katika hatari kubwa ya ugonjwa huo hupewa aspirini kidogo kila siku tangu kabla ya wiki ya 20. Ugonjwa ukiwa mkali, hutumika magnesiamu salfeti, dawa ya bei nafuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha akina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, tiba kamili ni kuzaliwa kwa mtoto, na uamuzi wa siku ya kumzalisha mama ndio unaohitaji mtaalamu.

Iwapo mtoto hana budi kuzaliwa mapema, mama huchomwa sindano za deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yakomae. Utafiti wa nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, ulithibitisha mwaka 2020 kwamba sindano hizo hupunguza vifo vya watoto njiti, mradi zitolewe mahali penye huduma ya kutosha kwa mama na mtoto.

Si lazima kila upasuaji ufanywe na bingwa. Kwa miaka mingi Tanzania iliwafunza madaktari wasaidizi kumtoa mtoto kwa upasuaji, nao wameokoa maisha ya wengi wilayani. Bingwa na hospitali ya rufaa wabakie kwa yale yaliyo magumu: ugonjwa wa moyo, selimundu, kondo lililojishikiza kwenye kovu la upasuaji wa zamani.

7. Hitimisho

Takwimu za taifa zinaonyesha kwamba vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa mwaka 2015/16, na 104 katika ule wa mwaka 2022. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kila kifo kilichosalia ni cha mama mwenye kijiji na watoto.

Kwa familia za milimani, tahadhari kabla ya hatari ina maana ya mambo manne. Mama aende kliniki mara tu ajuapo kuwa ni mjamzito. Aliyeambiwa kuwa ana hatari ashuke na kukaa karibu na hospitali wiki za mwisho, wala asingoje uchungu. Ndugu wajue mapema nani atachangia damu na chombo gani cha usafiri kitatumika. Mpango wa m-mama, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2022, hupokea wito wa dharura bila malipo kwa simu 115. Na aliyeambiwa kuwa hana hatari ajifungue mikononi mwa mkunga aliyefunzwa, kwa kuwa ungo una matundu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti baina ya dalili ya kukisia na maradhi yaliyokwisha kuwapo.
2. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu mbili za elfu kumi ya sekunde, kilichougonga kiko kina gani?
3. Kwa nini matatizo mengi ya uzazi huweza kutoka katika kundi la akina mama wasio na dalili za hatari?
4. Katika kijiji chenu, mama akianza kutokwa na damu usiku, ni nani ataamua, na atasafirishwa kwa chombo gani?