Kulala, Kuzirai na Kuzima: Hali za Umeme za Vifaa vya Tarakilishi

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba tarakilishi ya mkononi iliyofunikwa "imezimwa". Makala haya yanashikilia kwamba kitenzi hicho huipotosha dhana. Aghalabu mashine hiyo imelala tu: kumbukumbu yake ya muda ingali inalishwa na betri, na umeme huo ukikatika, tasnifu ambayo haikuhifadhiwa hupotea.

Usingizi huo husimamiwa na kiini cha mfumo endeshi. Tuchukue mfano wa Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991. Kiini chake kwanza huzigandisha programu za mtumiaji, kisha huvilaza vifaa, mtoto akimtangulia mzazi. Kipanya hulazwa kabla ya kidhibiti cha mlango kilipochomekwa, kwa kuwa amri za kukilaza hupitia kwa kidhibiti hicho hicho. Mzazi akitangulia kulala, mtoto hafikiwi tena. Wakati wa kuamka mpangilio hupinduliwa. Endapo kifaa kimoja kitashindwa kulala, kwa kawaida shughuli nzima husitishwa, na vilivyokwisha kulala huamshwa.

Tukija kwenye istilahi, kanuni za ACPI, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1996, hutambua hali za kifaa kuanzia D0 hadi D3. D0 ni kuwa macho kabisa. D1 na D2, ambazo si lazima kila kifaa kiwe nazo, ni kusinzia. Utata umo katika D3, ambayo wataalamu huigawa kuwa ya moto na ya baridi. Katika ile ya moto umeme ungalipo, na kifaa chaweza kuitikia kiitwapo. Katika ile ya baridi umeme umeondolewa. Napendekeza ya kwanza iitwe kulala, ya pili kuzirai. Kifaa kilichozirai kikizinduka hakikumbuki mipangilio yake. Ni wajibu wa kiendeshi chake, yaani programu inayokiongoza, kuihifadhi kabla na kuirejesha baadaye. Kiendeshi kikizembea, skrini huweza kubaki nyeusi ilhali mashine yenyewe i macho.

Hali moja bado inanitatiza: ile ambayo kumbukumbu hunakiliwa diskini, kisha umeme ukakatwa. Si kulala, kwa kuwa haihitaji umeme. Wala si kuzima, kwa kuwa mtumiaji hurejea pale pale alipoachia. Wasomaji wenye istilahi ifaayo wanakaribishwa kuipendekeza.