SOMO: PAMPU YA KAMBA KUTOKANA NA BAISKELI CHAKAVU

Baiskeli ikivunjika fremu, mara nyingi huishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye huipima kwa kilo kana kwamba habu, mnyororo na pedeli zilikufa siku moja na fremu. Kwa chama chenye kisima na bustani ya mboga, hiyo ni hasara. Sehemu hizo zafaa kuendesha pampu ya kamba, aina ya pampu iliyoenea kwa maelfu katika vijiji vya Nicaragua miaka ya 1990, nayo yaweza kuundwa na fundi wa kijiji.

Kamba iliyounganishwa ncha kwa ncha hupita juu ya rimu, hushuka kisimani, hugeukia chini, kisha hupanda ndani ya bomba la plastiki. Kila baada ya mita moja hivi, hufungwa juu ya kamba kisahani cha mpira kinachokaribia kulijaza bomba bila kulikwaruza. Visahani ndivyo vinavyoyapandisha maji. Ili kamba isiteleze, rimu huvikwa kingo zilizokatwa katika tairi kuukuu.

Kosa kubwa la mafundi ni kuiacha mashine ifanye kazi kama baiskeli. Baiskeli iliundwa kwa mwendo. Pampu yataka nguvu. Tuseme sahani ya mbele ina meno 48 na ya nyuma meno 20. Pedeli ikizunguka mara 50 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 120. Na kwa kuwa mzingo wa rimu kubwa ni mita 2 hivi, kamba hukimbia mita 4 kwa sekunde. Hakuna miguu itakayoustahimili mzigo huo. Sahani zikibadilishana nafasi, ya meno 20 kwenye pedeli na ya 48 kwenye gurudumu, kamba hupanda sentimita 70 kwa sekunde. Katika bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 28, kisima kikiwa na kina cha mita 10, ndoo ya lita 20 hujaa kwa dakika moja hivi, hata baada ya kuhesabu maji yanayovuja kandokando ya visahani. Mtu mzima mwenye afya hutoa wati 75 hivi kwa muda mrefu, na kazi hii haizidi kiasi hicho. Basi wanachama wakilalamika kwamba mashine ni nzito, hesabu ya meno ikaguliwe kwanza.

Hatari iko mahali pengine. Mwendeshaji akiacha kukanyaga, maji yaliyomo bombani huivuta kamba kurudi chini, na pedeli hugeuka kinyume kwa ghafla na kupiga miundi. Friwili haizuii jambo hili, kwa maana gurudumu likirudi nyuma huiburuta pedeli pamoja nalo. Ni lazima kiwekwe kizuizi cha chuma kinachoruhusu upande mmoja tu, na mnyororo ufunikwe kwa bati kabla mtoto yeyote hajaikaribia mashine. Kamati isiipokee pampu isiyo na vitu hivi viwili, hata kama maji yanatoka vizuri.

Pampu iingizwe katika daftari la mali ya chama, na mwanachama mmoja akabidhiwe kwa maandishi. Kamba na visahani huchakaa mapema kuliko kitu kingine chochote. Fedha yake itengwe tangu mavuno ya kwanza, na kamba ya akiba ikae ghalani, isitumiwe kufungia mbuzi.