Kazi ya Nyumbani, ya Ofisini au ya Mseto: Pima Kabla ya Kusaini

Mtafuta ajira wa Nyakitonto, wilayani Kasulu, anaweza leo kukutana na kazi za namna tatu. Ipo kazi inayomtaka afike kituoni kila siku; ipo inayofanyika nyumbani kwa njia ya mtandao; na ipo ya mseto, yenye siku za ofisini na siku za nyumbani. Wengi huanza kwa kulinganisha mishahara. Katika somo hili tunaonesha kwamba mshahara haulinganishwi mpaka ijulikane ni nani anayelipia mahali pa kazi.

Anza na kazi yenyewe

Zipo kazi zisizohamishika. Mwalimu, muuguzi na mtunza ghala hawana budi kufika kituoni. Ndivyo zilivyo pia kazi nyingi za mashirika ya misaada, ambayo yamekuwa miongoni mwa waajiri wa Kasulu tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996: mgawa chakula hawezi kuifanya kazi yake akiwa sebuleni. Kazi za kuandika taarifa, kuingiza takwimu, kutunza hesabu au kupokea simu za wateja zaweza kufanyika mbali. Tangazo likisema kazi ni ya nyumbani, uliza ni shughuli zipi hasa utakazozifanya kila siku. Asiyeweza kukujibu hana kazi ya kukupa.

Pima mtandao na umeme pale utakapokaa

Mwaka 2022 Kasulu iliondokana na majenereta ya dizeli na kuingia katika gridi ya Taifa. Hatua hiyo imefungua milango, lakini haina maana kwamba kila nyumba iko tayari kuwa ofisi. Jaribu mtandao ndani ya chumba utakachofanyia kazi, wala si barabarani. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, kwa siku tatu, ukijumuisha siku ya mvua ikiwezekana.

Angalia salio la kifurushi, piga simu ya video ya nusu saa, kisha angalia salio tena. Tuchukulie kuwa zimetumika megabaiti 400. Ukiwa na mikutano ya saa mbili kwa siku, kwa siku 22 za mwezi, utahitaji takribani gigabaiti 35 kwa mikutano pekee. Hesabu hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa mwajiri.

Piga hesabu ya kinachobaki

Tuchukue mfano wa kubuni. Weka bei za kwako mahali pa hizi.

- Kazi ya ofisini, Kasulu mjini: mshahara Sh 450,000. Ondoa pango la chumba 50,000, chakula cha mchana 55,000 na nauli ya kwenda nyumbani mwisho wa mwezi 20,000. Zinabaki Sh 325,000.
- Kazi ya nyumbani: mshahara Sh 400,000. Ondoa vifurushi 80,000, umeme 15,000 na rejesho la mkopo wa kompyuta mpakato 50,000. Zinabaki Sh 255,000.
- Kazi ya mseto, siku mbili kwa wiki mjini: mshahara Sh 420,000. Ondoa nauli 96,000, chakula 20,000, vifurushi 40,000, umeme 10,000 na rejesho la kompyuta 50,000. Zinabaki Sh 204,000.

Mseto, unaosifiwa kuwa ni wa wastani, hapa ndio wenye gharama kubwa kuliko zote, kwa sababu hubeba mizigo ya pande mbili. Sasa badilisha jambo moja tu: mwajiri wa kazi ya nyumbani atoe kompyuta na vifurushi. Zitabaki Sh 385,000, na kazi iliyokuwa ya pili inakuwa ya kwanza.

Yapo pia yasiyoandikwa kwa shilingi. Anayefanya kazi nyumbani yu karibu na wazazi, watoto na shamba lake, lakini huweza kuitwa usiku na kukosa wenzake wa kumfundisha kazi. Kwa anayeanza ajira, kukaa karibu na mwenye uzoefu kuna thamani yake.

Yaandikwe

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi, yakiwemo mahali pa kazi, saa za kazi, malipo na mafao yake. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na kufanya kazi nyumbani hakufuti ukomo huo. Kabla ya kusaini, hakikisha mkataba unajibu maswali haya:

1. Mahali pa kazi ni wapi, na panaweza kubadilishwa kwa taarifa ya siku ngapi?
2. Siku za kufika ofisini ni zipi, na nauli analipa nani?
3. Kompyuta, vifurushi na matengenezo ni juu ya nani?
4. Umeme au mtandao ukikatika, mshahara utakatwa?

Ahadi ya mdomo kuhusu kifurushi ni mbuzi kwenye gunia. Ukitokea mgogoro usiomalizika kwa mazungumzo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko. Usichelewe, kwa kuwa la kuachishwa kazi hufikishwa ndani ya siku 30.

Jihadhari na kazi isiyokuwepo

Matapeli huipenda kazi ya nyumbani kwa kuwa haina mlango wa kubisha. Usilipe ada ya usaili, ya mafunzo wala ya kompyuta. Usimpe mtu namba yako ya siri, wala usikubali laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho chako kwa ajili ya mwingine. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako, na ujumbe wa kitapeli uutume kwenda namba 15040.

Chukua karatasi, andika kazi ulizoahidiwa, na kwa kila moja toa gharama zake. Kinachobaki ndicho mshahara wako.