Lugha za Asia: Tusijifunze Amri Peke Yake

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne na mwanachama wa chama chetu cha Kiswahili. Huu ndio wakati wetu wa kufikiria kozi za chuo kikuu, na mimi nimetamani kusoma Kichina. Nilipomweleza baba, aliweka kikombe cha chai mezani, akaniuliza, "Kichina? Hicho kitakulisha nini?" Makala haya ni jibu langu kwake na kwa kila mwenzangu anayeulizwa swali kama hilo nyumbani.

Kwanza, tukumbuke kwamba lugha za Asia si wageni kwetu. Biashara ya pwani ilituletea zamani maneno kama pesa, gari, bima, laki, bajia, achari na kachumbari kutoka Bara Hindi. Hata neno "chai" asili yake ni "cha" ya Kichina, likapitia Uajemi na Bara Hindi kabla ya kutufikia. Kwa hiyo baba alikuwa akinywa Kichina huku akikikataa!

Halafu ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru 1900 na Kisumu 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 wakafia kazini. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu walibaki, na wafanyabiashara wakafungua maduka katika miji ya reli kama Nakuru. Sisi husema tu "Kihindi", kumbe ni lugha nyingi: Kigujarati, Kipunjabi, Kiurdu na kadhalika. Tumeishi nao zaidi ya miaka 100, na hata jina la lugha ya jirani hatulijui.

Hebu niwasimulie juu ya babu yangu wa Bahati. Katika miaka ya 1970 alikuwa kibarua katika duka la vitambaa mjini Nakuru. Sisi wajukuu tulikuwa tukijivuna kwamba babu anajua Kigujarati. Hata sasa huhesabu, "ek, be, tran, char, panch," nasi tunacheka. Likizo iliyopita nilimwomba anifundishe. Akanitajia: lete, beba, funga, fungua, fagia, haraka. Nikamwuliza, "Babu, na 'habari za watoto' wanasemaje?" Akanyamaza. "Na 'nimechoka'?" Akasema, "Mjukuu wangu, hayo hakuna aliyeniambia. Mimi nilijua nilichoamriwa." Akaongeza kwamba hata mwenye duka alijua Kiswahili cha "lete" na "kuja hapa" tu. Miaka 11 watu wawili walikaa chini ya paa moja, na hakuna aliyeweza kumpa mwenzake pole.

Waama, hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vyuo vikuu hufundisha lugha pamoja na utamaduni wake. Lugha ya amri unaweza kuiokota kazini. Lugha ya kuulizana hali, kubishana, kutaniana na kuombana radhi yataka mwalimu, vitabu na subira.

Pili, je, Kichina ni kigumu? Binamu yangu aliye Egerton, hapa Njoro, alinionyesha daftari lake. Sauti "ma" ikitamkwa kwa toni nne tofauti huleta mama, katani, farasi au kukemea. Ukikosea toni, umemwita mama yako farasi! Maandishi nayo ni mamia kwa mamia ya kukariri, ingawa mengine yana mantiki: alama ya mti ukiiandika mara mbili ni kichaka cha miti, mara tatu ni msitu mkubwa.

Lakini sisi wa Kiswahili tuna bahati, kwa sababu Kichina nacho kina kitu kinachokaribia ngeli. Huwezi kusema "tatu kitabu" hivi hivi. Lazima uweke neno la aina katikati: san ben shu, vitabu vitatu. "Ben" ni ya vitabu, "zhang" ni ya vitu bapa kama karatasi na meza, "tiao" ni ya vitu virefu kama mto, barabara na samaki. Vitenzi havibadiliki na nomino hazina wingi. Mchina anayejifunza "vitabu vyangu vitatu vimepotea" ana kazi kuliko sisi. Na wapo wanaojifunza: redio ya China hutangaza kwa Kiswahili tangu 1961.

Tatu, unaweza kusomea wapi? Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 2005, ikawa ya kwanza barani Afrika. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kina taasisi yake. Hapa kwetu, Egerton inashirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing, kwa hiyo hata mwanafunzi wa kilimo aweza kufaidi.

Sasa nirudi kwa swali la baba. Reli mpya iliyojengwa na kampuni ya Kichina ilifika Naivasha mwaka 2019. Penye mikataba panahitajika wakalimani, wanasheria na wahasibu wanaosoma pande zote mbili. Lakini jibu kubwa alinipa baba mwenyewe. Aliwahi kufanya kibarua katika ujenzi wa barabara moja chini ya msimamizi Mchina. Maneno aliyojua ni mawili: "kuai", yaani haraka, na "hao", yaani sawa. Mwezi mmoja mshahara ulikuja pungufu. Hakuwa na maneno ya kuuliza, akasema "hao", akaenda zake.

Nikamwambia, "Baba, babu alijua amri, na wewe ukajua amri. Mimi niache nijue na maswali."

Alinitazama kwa muda. Kisha akauliza, "'Mshahara wangu haukutimia' wanasemaje?" Nikakiri kwamba sijui bado. "Basi ukaanze na hilo," akasema.

Tumekubaliana: chaguo langu la kwanza ni ualimu, kama anavyotaka yeye, na Kichina nitakisoma sambamba. Wenzangu, elimu ni bahari. Anayependa lugha ya Asia asione haya kuichagua, ila asiishie kwenye amri. Na kabla hujasafiri mbali, muulize jirani yako mjini lugha yake inaitwaje.

Nawatakia mtihani mwema.