Dondoo muhimu: Kumlea mwanafunzi mwenye tabia njema

Msifu mtoto papo hapo, tena kwa kutaja alichofanya. "Hongera Amina, umemwazima mwenzako kifutio bila kuombwa" humwingia kuliko "wewe ni mtoto mzuri", maana sasa anajua arudie nini.

Kanuni za darasa watunge wanafunzi wenyewe, zisizidi tano.

Aliyekosa mwite pembeni. Ukimwaibisha mbele ya wenzake atakuwa sugu. Muulize kwanza kama amekula. Usumbufu wa saa nne asubuhi mara nyingine ni njaa tu.

Kiboko kiweke kando kabisa: Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013.

Na mwalimu, tafadhali, mwite mzazi hata siku mwanawe amefanya vyema.