Mwombe mzee akupigie kwanza

Ndugu yangu wa Tanga,

Nimesoma barua yako, na naona kinachokunyima usingizi si gitaa, ni mzee mwenyewe. Jirani yako mstaafu amekubali kukuachia gitaa lake kavu, Yamaha FG-180 lenye lebo nyekundu ndani, kwa laki mbili na nusu. Unataka kulipiga, si kulitundika sebuleni. Ila rafiki amekutisha kuwa ni la plaiwudi, mkeo anasema nunua jipya, na wewe unaona kulikagua gitaa la mtu aliyekuona ukikua ni utovu wa adabu.

La plaiwudi lisikusumbue. Yamaha walilitoa gitaa hilo mwaka 1966, na ubao wake wa juu ni wa tabaka kweli. Ubao wa namna hiyo haupasuki upesi, na kwa unyevu wa huko pwani hiyo ni faida. Wapigaji wengi bado wanaipenda sauti yake.

Ulipoteleza ni kudhani kwamba likiwa la zamani basi ni zima. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana. Miaka ikipita shingo huinama mbele, nyuzi zikapanda juu, vidole vikaumia. Anayejifunza hujiona hana kipaji, akaacha. Hilo linaniuma sana, maana wengi hawakukosa kipaji, walikosa gitaa linalopigika.

Sasa heshima. Nenda jioni, mwamkie, kaeni, kisha mwombe akupigie wimbo mmoja anaoupenda. Sidhani kama atachukia! Wewe tazama mkono wake wa kushoto: usipopanda kabisa kuelekea tumboni mwa gitaa, huenda nyuzi za huko hazibonyezeki. Akikupa, lipokee kwa mikono miwili, uangalie freti ya 12. Kutoka hapo hadi uzi mnene iwe kama milimita mbili na nusu. Zikifika nne, tazama kijiti cheupe kinachobeba nyuzi pale darajani. Kama bado kimechomoza vizuri, fundi atakisaga kidogo, yaishe. Kama kimeshakwisha, shingo itabidi ing'olewe ipachikwe upya, na gharama yake yaweza kuzidi bei ya gitaa. Jaribu pia kupenyeza karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikizama, gundi imeachia.

Mkeo naye msikilize. Hofu yake ni fedha za nyumba, na ana haki. Mtajie hesabu yote kabla hujalipa: bei, nyuzi mpya, na ujira wa fundi.

Ukikuta kijiti kimekwisha na nyuzi ziko juu, mwambie mzee ukweli kwa upole, umshukuru, urudi nyumbani mikono mitupu. Ukikuta shingo imenyooka, mlipe laki mbili na nusu zake zote, usipunguziwe hata mia, kisha umwombe akufundishe ule wimbo.