Nyumba Hainunuliwi kwa Rangi Yake

Ndugu zangu wanafunzi, nanyi wanafunzi wa zamani mliokwisha kuanza kazi, hesabu za darasani zilikuwa na majibu nyuma ya kitabu. Hesabu ya kununua nyumba haina majibu hayo. Ukikosea, unalipa kwa akiba ya maisha yako. Nataka kuwaeleza jinsi tulivyoponea chupuchupu hapa kwetu Gisenyi.

Baba mdogo wangu aliendesha malori miaka mingi kati ya Mombasa na Kigali. Alipokaribia kustaafu, dalali alitupeleka kwenye nyumba moja ya orofa, juu kidogo ya barabara ya ufukweni, mtaa unaotamaniwa na kila mtu. Ilijengwa zamani za Wabelgiji, nayo ilikuwa imekarabatiwa: mabati mapya, vigae sakafuni, kuta nyeupe pepepe. Dirishani tuliona Ziwa Kivu lote likimeremeta mpaka Goma. Baba mdogo akatia mkono mfukoni atoe arubuni.

Nikamwambia, "Baba mdogo, tafadhali ngoja kwanza. Kesho tumlete mwashi."

Alinuna, lakini alikubali. Basi, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, ukuta. Mwashi aligonga kuta kwa mpini wa nyundo. Chini ya ngazi mlio ulibadilika, ukawa wa kitu chenye uwazi ndani. Na kutoka pembe ya dirisha palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Akatueleza kwamba kuta za mawe meusi ya volkeno hubeba uzito vizuri, lakini ardhi ikitikisika huachana, isipokuwa zimefungwa pamoja kwa mkanda wa zege na nondo. Nanyi mwakumbuka kwamba mlima Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 Mei 2021, na kwa siku kadhaa baadaye matetemeko yalipasua ardhi na majumba, Goma na hapa kwetu pia. Kwa hiyo swali si kama nyumba ina lipu mpya. Swali ni hili: je, ufa ulizibwa, au ulifichwa?

Pili, maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini, na hapa Rubavu mto Sebeya ulifurika na kuharibu nyumba nyingi. Yafaa kwenda kutazama nyumba siku ya mvua, na kuwauliza majirani maji hupita wapi. Pima pia umbali wa kutoka ziwani, maana sheria huweka mipaka ya kujenga karibu na ufuko wa ziwa. Nyumba yetu haikuwa na kasoro hapo.

Tatu, hati. Kati ya 2009 na 2013 Serikali iliandikisha viwanja zaidi ya milioni 10, kila kimoja kwa namba yake. Tulipoitafuta namba ya kiwanja hicho katika daftari la ardhi, tuliona majina mawili, la mume na la mke. Kumbe aliyetupokea alikuwa mume peke yake! Mali iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

Baba mdogo alimwuliza, "Mama mwenye nyumba yuko wapi?"

"Yuko Kigali. Hayo niachie mimi. Wengi wanaitaka nyumba hii, na leo jioni yuko mtu analeta fedha."

Baba mdogo akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nikikulipa leo, naye akaja kesho, nitamjibu nini?" Tukatoka bila kulipa hata faranga moja. Njiani hakusema nami. Nami nikaogopa kwamba nimemkosesha nyumba ya uzeeni.

Baada ya wiki mbili tuliitwa. Safari hii mama mwenyewe alikuwapo, na yeye ndiye aliyeruhusu lipu ibanduliwe chini ya ngazi. Tuliona ufa wa kuingia kidole, umejazwa karatasi za mifuko ya saruji. Mume aliinamisha kichwa. Mama alimtazama bila neno. Mwashi akakadiria gharama, bei ikapunguzwa kwa kadiri hiyo, na wote wawili wakatia sahihi mbele ya noteri. Gharama ya kwanza ya baba mdogo haikuwa viti wala mapazia, bali nondo na saruji.

Zoezi. Tafuteni ufa katika nyumba ya kwenu. Pakeni saruji kidogo kila upande wa ufa, mbandike kipande chembamba cha kioo kivuke juu yake, kisha mwandike tarehe. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea. Mwiteni mwashi upesi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba aliyeupaka rangi hajauziba.

Kioo cha baba mdogo kingali kizima. Kila nikimtembelea, hunipeleka chini ya ngazi kukitazama kabla hajanikaribisha chai.